Kushusha mizigo Dar: bei ijulikane kabla turubai halijafunguliwa

Wasomaji wengi wameuliza kuhusu kibarua cha kushusha malori. Tumejibu maswali sita.

Nimetoka Kahama, nakaa kwa ndugu Manzese. Nguvu ninazo, ila nikisogelea lori makuli wananifukuza. Nifanyeje?

Mdogo wetu, wanakufukuza kwa sababu karibu kila soko na kila mtaa wa maghala una kikundi chake chenye kiongozi, na lori likisimama pale mzigo ni wao. Usidandie gari. Fika saa kumi na moja alfajiri, muulize mama ntilie au mlinzi wa geti kiongozi wa makuli ni nani, umwendee na kitambulisho cha NIDA au barua ya serikali ya mtaa. Omba uwe mtu wa akiba. Kazi hii inachosha mwili, kwa hiyo hakosi mtu wa kushindwa kuamka.

Hapo Manzese uko jirani na Tandale kwenye nafaka na Mabibo kwenye ndizi. Kuanzia Juni hadi Septemba mavuno yanaingia mjini, anzia kwenye nafaka. Ukishazoeleka, chukua namba ya simu ya utingo, siyo ya dereva peke yake: mara nyingi utingo ndiye anayetumwa kutafuta watu, na akikupigia gari likiwa bado Vigwaza, kwenye mizani ya barabara ya Morogoro kabla ya kufika mjini, unapata muda wa kukusanya wenzako.

Tulipatana "kazi nzima" kwa semitrela ya saruji, tukajikuta tumepata hela ya chai tu. Tulikosea wapi?

Mlipatana kabla ya kupiga hesabu. Semitrela hubeba takriban tani 30, yaani mifuko 600 ya kilo 50. Kazi inataka watu wanane: wawili juu wa kutwika, watano wa kubeba, mmoja wa kupanga ghalani. Tuseme, kwa mfano tu, mmekubaliana shilingi 200 kwa mfuko. Hiyo ni 120,000, kila mtu 15,000. Sasa muulizeni kiongozi anakata kiasi gani, maana makato yakitajwa mwisho ndipo ugomvi unapoanza.

Lakini kinachowaumiza watu zaidi ni umbali. Kila mbebaji anapeleka mifuko 120. Ghala likiwa mita 20 kutoka kwenye gari, atatembea karibu kilomita 5 kwenda na kurudi. Likiwa mita 60, ni zaidi ya kilomita 14, na nusu yake ana kilo 50 begani. Mfuko ni uleule, kazi ni mara tatu. Kwa hiyo kwanza tembeeni kutoka kwenye gari hadi pa kupanga, mhesabu hatua, mwangalie kama kuna ngazi au matope, na muulize rundo litapanda mifuko mingapi, kwa sababu kupandisha juu ya kichwa ni kazi nyingine. Hapo ndipo mtaje bei, kwa mfuko, mbele ya mwenye mzigo au mtu wake. Dereva akiahidi "bosi atalipa", mpigieni huyo bosi turubai likiwa bado limefungwa. Mzigo ukishafika chini, hamna tena cha kuzuia.

Gunia la mahindi linaandikwa kilo 100, mbona linalemea kuliko hivyo?

Hiyo ni lumbesa. Kanuni za vipimo Tanzania haziruhusu mazao kufungashwa kwa zaidi ya kilo 100, ila wapo wanaoshindilia na kushonea kilemba juu. Na hata hizo 100 ni nyingi mno kwa mgongo mmoja: Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kwa mwanamume mzima. Gunia lenye kilemba libebwe na watu wawili au kwa mkokoteni, na bei yake itajwe peke yake. Anayekuambia "vumilia" hatakulipia tiba ya pingili za uti.

Kontena linafunguliwaje?

Mwenye mzigo aikague lakiri, yaani kufuli la muhuri mlangoni, na namba yake mbele yenu, apige picha. Anzeni na mlango wa kulia, ndio unaoukalia wa kushoto. Simama nyuma ya mlango unaoufungua, usisimame katikati, kwa sababu safarini mzigo huteleza ukaegemea mlango. Ukiona kibandiko cha fuvu, kontena limefukizwa dawa: asiingie mtu mpaka hewa ipimwe. Ndani, shusheni kutoka juu kwenda chini, mzigo ubaki na vidato kama ngazi. Anayechomoa maboksi ya chini anaangushiwa ukuta mzima.

Mfuko ukipasuka, nani analipa?

Inategemea ulipasuka lini. Mtu mmoja wenu asimame na daftari, aandike kila uliotoka garini ukiwa umechanika au umelowa, na utingo asaini palepale. Bila daftari, mtakatwa ninyi.

Baada ya saruji shingo inawasha na kutoka vidonda.

Saruji ikikutana na jasho inaunguza ngozi, na maumivu huchelewa, ndiyo maana mtu anaendelea na kazi bila kujua. Vaa shati la mikono mirefu lenye kola, na ngata ya kitambaa kikavu uibadilishe ikilowa. Vumbi lipukute likiwa kavu, kisha jimwagie maji safi mengi yanayotiririka, siyo ndoo moja ya watu wanane. Ikiingia jichoni, suuza dakika 20 bila kukatisha, ndipo uende hospitali.