Filamu Mbovu, au Runinga Ndiyo Mbovu?

Barua za safari hii zimejaa hukumu: filamu hii imenichosha, ile haisikiki, nyingine picha yake ni ya bei rahisi. Baadhi ya hukumu hizo tunaziunga mkono. Nyingi, tukisoma maelezo yaliyoambatana nazo, kosa liko kwenye rimoti.

Nimetazama *Vuta N'Kuvute* kwenye runinga mpya ya inchi 55. Watu walinisifia sana filamu hii, lakini mimi niliona kama tamthilia ya mchana: watu wanateleza, picha imekaa kama ya harusi. Je, ndivyo ilivyopigwa? — Msomaji, Tanga

Hapana, sivyo. Filamu hiyo ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, haina kosa hapo. Filamu za sinema, karibu zote, hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na macho yetu yamezoea mwendo huo tangu utotoni. Runinga za siku hizi zikipokea picha 24 hubuni nyingine za katikati, zijaze nafasi hadi zifike 50, 60 au zaidi. Kwa mpira ni neema, kwani unauona vizuri ukiruka. Kwa filamu ni balaa: Unguja ya miaka ya 1950 inageuka studio ya taarifa ya habari.

Dawa ni kuzima huo ubunifu. Tatizo ni kwamba kila kampuni imeupa jina lake. Kwenye LG tafuta TruMotion ndani ya menyu ya picha, uizime. Kwenye Sony ni Motionflow. Kwenye Samsung ingia mipangilio ya kitaalamu ya picha, ufungue Picture Clarity (matoleo ya zamani yanaandika Auto Motion Plus), kisha uzime au uteremshe vipimo vyote viwili hadi 0. Kwenye chapa nyingine tafuta jina lolote lenye neno "Motion" au "Smooth". Runinga ikiwa na chaguo la "Filmmaker Mode", lililotangazwa mwaka 2019 kwa ajili ya ugonjwa huuhuu, lichague tu na kazi imekwisha. Kumbuka kwamba runinga nyingi huhifadhi mipangilio kwa kila tundu: ukizima kwenye HDMI 1, flashi inaweza kuendelea na ile ya zamani.

Ukiwa humo humo, toka kwenye "Vivid" au "Dynamic" uende "Cinema" au "Movie". Siku mbili za kwanza picha itaonekana ya njano na iliyofifia. Vumilia, maana jicho lilikuwa limezoea weupe wa buluu wa dukani. Zima pia kihisi cha kuokoa umeme, kwani ndicho kinachozamisha picha za usiku kila sebule inapoingia giza.

Kuhusu filamu yenyewe: ni ya kutazamwa taratibu. Mapenzi ya Denge na Yasmin yanasemwa zaidi kwa macho kuliko kwa maneno. Aliyesoma riwaya akitaka kila mkasa uwemo atalalamika, na atakuwa anadai kisichowezekana. Itazame tena baada ya kurekebisha runinga, halafu utuandikie.

Tulitazama *Tenet*. Maneno hayasikiki, nikiongeza sauti mlipuko unamwamsha mtoto. Kiingereza changu si kibaya. Au ni sabufa? — Msomaji, Kisumu

Kiingereza chako hakina neno. Tuanze na kumtendea haki mwenye sabufa: filamu hii ya Christopher Nolan ya mwaka 2020 ililalamikiwa hata kwenye kumbi zenye spika za gharama kubwa. Baadhi ya mazungumzo yamefunikwa kwa makusudi na muziki na barakoa za wahusika. Kwa hiyo sehemu ya lawama ni ya mwongozaji, nasi tunaona alizidisha.

Sehemu iliyobaki ni ya sebule, na hiyo inatibika. Sauti ya filamu kwa kawaida huja katika mikondo sita (ndiyo 5.1), na maneno mengi hukaa kwenye mkondo wa katikati. Ukiwa na spika mbili tu, runinga inalazimika kuukoroga mkondo huo pamoja na milipuko, muziki na kelele za pembeni. Maneno huzama. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Kwanza, kwenye menyu ya sauti ya filamu chagua wimbo wa sauti usio na alama ya 5.1, kama upo. Huo umekwishachanganywa kwa spika mbili na watu waliofahamu wanachofanya. Pili, kwenye mipangilio ya runinga weka sauti inayotoka iwe PCM au Stereo. Tatu, washa hali ya usiku au ya kusawazisha sauti. Hiyo huteremsha milipuko na kupandisha minong'ono, na ndiyo itakayomwacha mtoto alale.

Halafu sabufa. Wengi wameweka kitufe cha besi juu kabisa kwa ajili ya muziki wa Jumamosi. Kwa filamu kirudishe hadi kama theluthi, na kitufe cha treble (sauti nyembamba) kipande kidogo kupita katikati. Sanduku la besi likiwa kwenye kona ya kuta mbili, mvumo huongezeka wenyewe. Lisogeze nusu mita kutoka kila ukuta. Spika ndogo zikae kushoto na kulia kwa runinga, usawa wa masikio ya aliyeketi, si zote mbili juu ya kabati. Kama una seti kamili ya spika tano, kagua waya wa ile ya katikati kabla ya yote: ukichomoka, muziki utasikika vizuri sana na watu watakuwa mabubu.

Nyumba yenye mabati yasiyo na dari, sakafu ya vigae na madirisha matupu hurudisha mwangwi unaoyala maneno. Pazia zito na zulia husaidia kuliko spika mpya. Mvua ikinyesha, washa maandishi ya chini. Hakuna aibu, hata wenye lugha yao huyawasha.

Mume wangu akiona mistari myeusi juu na chini anabonyeza "Zoom". Anasema tumelipia inchi zote. Nani yuko sahihi? — Msomaji, Dodoma

Wewe. Filamu nyingi kubwa ni pana: upana mara 2.39 ya kimo, wakati runinga ni mara 1.78. Ukivuta picha mpaka mistari iishe, unakata karibu robo ya upana wake, na mara nyingi aliyekuwa akijibu swali ndiye anayekatwa. Kunyoosha picha kwenda juu ndiko kubaya zaidi, kila mtu anakuwa mrefu na mwembamba. Filamu chache zenye sehemu zilizopigwa kwa kamera za IMAX hujaza kioo ghafla kisha mistari ikarudi. Hiyo si hitilafu, msiiguse.

Maandishi ya tafsiri niliyopakua yanaanza sawa, baadaye yanatangulia maneno. Nikirekebisha, baada ya robo saa yameharibika tena. — Msomaji, Mombasa

Kuna magonjwa mawili yanayofanana. Kama tofauti ni ileile kutoka mwanzo hadi mwisho, ni rahisi: kwenye programu ya VLC ya kompyuta bonyeza H kuyachelewesha au G kuyawahisha, kila bonyezo ni sehemu 50 za elfu za sekunde.

Lako ni la pili. Kwa runinga za Ulaya filamu huharakishwa kutoka picha 24 hadi 25 kwa sekunde, na filamu ya dakika 100 inakwisha kwa 96. Maandishi yako yametengenezwa kwa nakala iliyoharakishwa, wewe una ya mwendo wa kawaida. Ndiyo maana yanazidi kutangulia. Baada ya saa moja tofauti inafika kama dakika mbili na nusu. Kubonyeza H hakutakusaidia. Fungua faili la maandishi (.srt) kwenye programu ya bure ya Subtitle Edit, nenda sehemu ya kubadili idadi ya fremu, weka kutoka 25 kwenda 23.976 (ndiyo ile 24 ya kawaida), hifadhi. Lipe jina lilelile la faili la filamu, viweke folda moja, VLC itayapokea yenyewe. Yakiwa bado yanaachana na maneno ghafla katikati ya filamu, nakala yako imekatwa sehemu; tafuta maandishi mengine.

Filamu haiingii kwenye flashi ingawa nafasi ipo. Nyingine iliingia, picha inaonekana ila sauti hakuna. — Msomaji, Bujumbura

Flashi yako imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata flashi iwe ya GB 64. Hamisha vilivyomo kwanza, kisha uifomati upya kwa exFAT. Runinga ya zamani isipoisoma, jaribu NTFS.

Hiyo nyingine sauti yake imebanwa kwa mfumo wa DTS, na runinga nyingi haziitambui, zikiwemo Samsung za kuanzia mwaka 2018. Usibadilishe filamu nzima, utapoteza saa kadhaa bure. Badilisha sauti peke yake kwa programu ya ffmpeg kwenye kompyuta:

ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a ac3 -b:a 448k mpya.mkv

Picha inanakiliwa ilivyo, kwa hiyo kazi ni ya dakika chache. Ingekuwa kinyume, yaani sauti ipo na kioo cheusi, mkosaji angekuwa picha iliyobanwa kwa mfumo wa H.265 kwenye runinga isiyoijua. Hapo hakuna njia ya mkato: fungua programu ya HandBrake, chagua H.264, uiache kompyuta ikeshe.

Filamu moja ya Netflix imemaliza bando la wiki. Ni kawaida? — Msomaji, Mbeya

Kwa runinga, ndiyo. Ubora wa HD hula hadi GB 3 kwa saa, 4K hadi 7. Kwenye simu ukichagua kuokoa data, GB 1 hufika saa sita hivi, lakini chaguo hilo la simu haliihusu runinga. Ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari, fungua mipangilio ya wasifu wako, uweke kiwango cha chini (GB 0.3 kwa saa) au cha kati (0.7). Kwenye kioo cha inchi 32 kiwango cha kati kinatosha kabisa.

Baba hataki filamu isiyotafsiriwa na DJ. Mimi naona DJ anaharibu. Tupatanisheni. — Msomaji, Mwanza

Hatuwezi, kwa sababu mnatazama vitu viwili tofauti. Tangu enzi za Lufufu hapa Tanzania, na DJ Afro huko Kenya, anayetafsiri ni msimulizi aliyeketi kati ya filamu na mtazamaji: hutoa majina mapya, hutania, hueleza kinachokuja. Kila anapoongea, sauti ya filamu hushushwa chini yake. Kwa filamu ya ngumi na bunduki hupotezi kitu kikubwa, na mara nyingine DJ ndiye mzuri kuliko filamu. Kwa filamu ya kutisha anaua, maana kinachotisha ni kimya, naye halipwi ili anyamaze.

Mwekee baba za mapigano zikiwa na DJ wake. Usiku mwingine mpe *Supa Modo* ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018, dakika 74 tu, yenye Kiswahili kingi cha kutosha kufuatilia bila DJ. Ni habari ya Jo, mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa filamu, na kijiji kinachomsaidia. Ila mweleze mapema kwamba ugonjwa wenyewe si wa kupona, hasa wajukuu wakiwa sebuleni.