Nilipanda nywele bila kunyolewa, na ofisini hakuna aliyejua

Juzi usiku msomaji ameniandikia: "Dada, za mbele zimeisha kwa rasta. Nataka kupanda nywele ila sitaki kunyolewa, na sitaki mtu ajue. Wewe uliwezaje?" Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Miaka miwili iliyopita ningeweza kuuandika mimi.

Nilianza rasta nikiwa chuoni, na nilipenda zilizobanwa, zile ambazo usiku wa kwanza hulali, unameza Panadol, na vipele vinatoka pembezoni mwa paji. Msusi akisema "vumilia, ndiyo zitadumu," navumilia. Zikifumuliwa, nasuka twende kilioni. Nayo ikifumuliwa, nabandika wigi la gundi. Kufika miaka 36 paji langu lilikuwa limepanda vidole vitatu, na juu ya masikio imebaki ngozi inayong'aa. Kisha kwenye kichenpati ya ukweni, wifi yangu mmoja akanivua kilemba mbele ya watu: "Wifi, mbona umekuwa na kipara kama babu?" Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka nao. Nimemsamehe. Lakini sauti ile naisikia mpaka leo, na ndiyo iliyonipandisha ndege kwenda Uturuki, kutolewa nywele za kisogoni na kupandwa mbele.

Kabla ya ndege, nenda kwa daktari wa ngozi. Upara wa kuvutwa nywele ni mmoja. Kuna mwingine unaoanzia utosini na kuua mashina polepole kwa ndani, na ukipandia juu yake wakati bado unaendelea, vishina vipya navyo vinakufa. Mimi nilikatwa kipande kidogo cha ngozi kikapimwa. Daktari aliniuliza pia kama tundu la hereni liliwahi kuvimba kovu, kwa kuwa mwenye keloidi asikimbilie kukatwa kichwani.

Niliwasiliana na kliniki nne za Istanbul. Moja ilinitumia bei, hoteli na gari la uwanja wa ndege ndani ya dakika mbili, haijaomba hata picha ya kichwa changu. Hiyo ikimbie. Mbili nyingine zikasema lazima kichwa chote kinyolewe. Nilielewa baadaye kwa nini: njia inayotumika sana ni kutoa shina moja moja kwa kichombo chenye tundu la kama milimita moja, na kichwa kilichonyolewa kinawarahisishia kuona na kwenda haraka. Nywele zetu zina jambo la ziada, shina lenyewe limejipinda chini ya ngozi, na asiyezizoea analikata katikati. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila kliniki lilikuwa: nionyesheni vichwa vya watu weusi mliowapandia.

Kliniki ya nne, daktari mwenyewe alinipigia video. Akanipa njia mbili za kubaki na nywele zangu ndefu. Ya kwanza, kunyoa kidirisha kidogo chini kisogoni, nywele za juu zikishuka zinakifunika. Ya pili, kukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, kuushona, kisha kuugawa ule ukanda shina kwa shina chini ya hadubini. Nikachagua ukanda. Unaacha kovu la mstari, na anayetaka kunyoa kipara siku moja asiuguse, ila mimi sina mpango huo. Nywele za kisogo zikihamishiwa mbele zinaendelea na tabia ya kule zilikotoka, jambo ambalo Norman Orentreich, daktari wa ngozi wa New York, aliliandika tangu 1959. Ndiyo maana kazi hii inawezekana.

Sasa siri. Nilianza kuvaa kilemba miezi miwili kabla ya safari, kila siku, mpaka ofisini wakakizoea. Ukisubiri kuanza siku unayorudi, umejitangaza mwenyewe. Niliaga kwamba nafuata mzigo wa nguo Uturuki, na kweli nilirudi na mabegi mawili, nikauza. Kilemba kiwe kipana na chepesi, mbele kisikandamize. Wigi na gundi, sahau kabisa.

Siku ya upasuaji sina mengi ya kusimulia: sindano za ganzi zinauma, kisha saa saba za kulala na kugeuzwa. Usiku wa tatu ndio ulionivunja. Uvimbe ulishuka kutoka kwenye paji hadi machoni, nikaamka hotelini sioni vizuri, natafuta chupa ya maji kwa kupapasa. Nilikuwa nimemficha kila mtu, mume wangu akiwemo, naye alijua ni mzigo wa nguo tu. Nililia nikiogopa machozi yasije yakaharibu kazi.

Nyuzi zilitolewa siku ya 12, vigaga vikadondoka. Wiki ya nne nywele zilizopandwa nazo zikaanza kudondoka. Ni kawaida, shina linabaki chini, lakini hakuna aliyekuwa karibu wa kunikumbusha. Mwezi wa nne vikachomoza vinyweleo laini. Sasa mwaka umepita, na nasema kwa kifua mbele: paji langu limerudi.

Mama alijua mwezi wa sita. Nilikuwa kwake Tanga, amenikalisha kwenye mkeka ananipaka mafuta, kidole chake kikakutana na kovu. Akalifuata taratibu toka mwanzo mpaka mwisho. "Umepasuliwa kichwa, mwanangu? Nani alikuuguza?" Nikamwambia nilijiuguza. Hakusema kitu, akaendelea kupaka. Ningetukanwa ningeumia kidogo.

Ndugu zangu, waficheni wa mtaani, waficheni mawifi, ofisini wasijue mpaka mstaafu. Lakini mtu mmoja wa kukuosha kichwa na kukuwekea mito ulale umeinuka, huyo nenda naye. Na ukishapanda usirudi kubana. Nywele zilezile zitang'oka tena na hela yako pia. Binti yangu ana miaka saba, na msusi wake sasa namkalia pembeni. Mtoto akikunja uso tu, msuko unafumuliwa.

Dada uliyeniandikia, picha za kisogo changu nitakutumia mwenyewe, hapa siziweki. Ila nijibu kwanza: unakwenda na nani?