Andika, ila simu usichukue

Mwanangu Rehema,

Salamu kutoka Tabata. Huku tu wazima, baba yako kifua kimempungua, umeme ndio unakatika na kurudi.

Umeniuliza swali. Jarida moja la simu na vifaa vya kielektroniki linakutaka uwe mwandishi mchangiaji: makala kwenye toleo la kila mwezi na vipande vifupi kwenye tovuti yao. Kwa kuanzia hawalipi, ila kila simu utakayoiandikia inabaki kuwa yako. Ukubali?

Andika. Simu usichukue.

Sisemi utanunuliwa kwa simu, nakujua. Ila kwenye dawati la makala nimeliona sana hili: mtu haandiki uongo, anapunguza makali tu. "Betri haifiki jioni" inageuka "betri inatosha kwa matumizi ya kawaida", wala hakuna aliyemtuma. Marekani kuna Consumer Reports, jarida la tangu 1936, ambalo halichukui matangazo, na vitu linavyovipima linavinunua dukani kama mteja yeyote. Hilo lako linaishi kwa matangazo, na si kosa, magazeti mengi ndivyo yanavyoishi. Basi wakuazime simu wiki mbili tatu, uirudishe, na makala iseme imetoka wapi. Wewe wakulipe fedha, hata kidogo, na iwe kwa maandishi: shilingi ngapi kwa makala, inalipwa lini, na kama unaruhusiwa kuichapa tena kwingine. Wakigoma kabisa kulipa, wape mbili tatu za kupatia jina, halafu uondoke zako.

Sasa cha kuandika. Namba za kwenye boksi waachie wauzaji wa Kariakoo, wanazijua kwa kichwa. Kazi yako ni kumfungulia msomaji. Chukua RAM, memori ambayo simu inaitumia inapofanya kazi. Boksi linatangaza GB 8. Ukiingia kwenye mipangilio ya simu unakuta 4 ndizo za kweli, na 4 zimeazimwa kutoka kwenye memori ya kuhifadhia picha na video, ambayo kasi yake ni ndogo zaidi. Ukizima huko kuazima, unabaki na 4 zako na nafasi ya picha inarudi. Mtu aliyedunduliza laki tatu yake hajaambiwa hayo na yeyote. Mweleze hilo kwa sentensi tatu, kisha ndipo uje kwenye kamera, ambayo kila mwandishi anaikimbilia.

Na uitumie hiyo simu. Panda nayo daladala saa saba mchana, kaa upande wa jua, ujaribu kusoma meseji ya muamala. Piga simu ukiwa kituoni, wapiga debe wakiwa wamechachamaa, umuulize wa upande wa pili anakusikiaje. Ichaji kwa chaja yake, kisha kwa chaja ya kununua barabarani, maana ya kwanza ikifa watu wengi wanahamia hiyo. Na uandike saa na dakika. Neno "haraka" nitalifuta popote nitakapolikuta.

Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia, zilijaa makala za kulaani bidhaa feki. Watu waliuliza jambo moja tu: yangu je, itazimwa? Aliyewaandikia wapige *#06# waione IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na cha kufanya baada ya hapo, huyo ndiye aliyewafaa. Anza na swali la namna hiyo unapowapelekea mawazo ya makala. Barua ya "napenda sana teknolojia" mhariri hamalizi hata aya yake ya kwanza.

Bei iweke kwenye tovuti, ambako unaweza kuirekebisha. Gazeti linafungwa mapema kabla ya kufika mtaani, na bei ya simu haisubiri. Humo taja tarehe uliyoiuliza dukani. Taarifa za kampuni soma, usinakili, hasa vile vivumishi vyao.

Wakikujibu kuhusu malipo, nitumie hayo maandishi kabla hujasaini. Baba yako anauliza kama simu ya kurudisha haiwezi kupitia Tabata siku mbili kwanza. Nimemwambia hapana.

Mama yako