Kabla Hujasema Paka Anaringa, Mtazame Anavyokula

Paka wangu Majivu alianza kwa kulamba ukuta. Nilimkuta asubuhi moja nyuma ya mlango, pale rangi ilipobanduka na saruji ikabaki wazi, ulimi unapanda na kushuka taratibu kama anayelamba maziwa. Nikamfukuza. Jioni yake nikamwona kwenye chungu cha maua, na safari hii hakuwa analamba: alikuwa anatafuna udongo, midomo yote imetapakaa. Nikamweleza ndugu yangu, akasema, "Paka hao wana mambo yao, muache." Nikamuacha. Chakula alikuwa anakula, ingawa alikuwa anabakiza kidogo, na kwa miaka yote niliyofuga paka nilikuwa na kipimo kimoja tu cha afya: bakuli likiwa tupu, paka ni mzima.

Zilipita siku tisa. Siku ya tisa Majivu alitaka kuruka juu ya kiti chake, akatazama juu, akaghairi, akalala pale pale chini. Huyu ni paka aliyezoea kulala juu ya kabati. Nikampakata, nikainua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba. Fizi za paka mzima huwa na wekundu wa waridi. Zake zilikuwa nyeupe pe, zimekaribiana rangi na meno yenyewe.

Daktari wa mifugo alimtoa damu kidogo, akaitia kwenye kijibomba chembamba cha kioo na kuizungusha kwenye mashine. Seli nyekundu zikashuka chini, maji ya damu yakabaki juu. Akanionyesha ile sehemu nyekundu: asilimia 14 tu ya damu yote, wakati paka mzima huwa nayo kati ya 30 na 45 hivi. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Hajaanza kula udongo huyu?"

Kumbe kwa madaktari wa wanyama hiyo ni ishara inayojulikana. Paka mwenye upungufu wa damu anaweza kuanza kulamba saruji, kula udongo, hata kutafuna mchanga wa choo chake. Kwa Majivu, vipimo vilionyesha kijidudu kiitwacho Mycoplasma haemofelis, ambacho hujibandika juu ya seli nyekundu, na mwili wenyewe ukaanza kuziangamiza seli zile. Viroboto ndio wanaoshukiwa zaidi kukisambaza, na kweli Majivu alikuwa nao. Nilipompitisha kitana chenye meno ya karibu karibu, zile chenga nyeusi nilizozidhani uchafu ziligeuka wekundu nilipoziweka kwenye karatasi yenye maji. Ilikuwa ni damu yake, imepitia tumboni mwa viroboto.

Alipewa doksisaiklini kwa wiki kadhaa. Hapa kuna jambo dogo ambalo nataka kila mfuga paka alijue: kidonge cha dawa hii kikikwama kooni mwa paka kinaweza kuunguza njia ya chakula na kuacha kovu linaloibana. Kila ukimpa, mfuatishie maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au chakula laini, uhakikishe kimeshuka.

Tangu wakati ule nimeacha kutazama bakuli, namtazama paka. Ukiniuliza kitu kimoja tu cha kuchukua kutoka kwangu, ni hicho. Bakuli linakuambia chakula kimekwenda. Halikuambii kimekwenda vipi, wala paka amekula nini kingine ulipompa mgongo.

Na usidhani hatari ni kula kidogo peke yake. Paka wetu mkubwa, Siti, alipofika miaka 13 alianza kula kwa pupa. Anamaliza chake, anaingia kwenye cha Majivu, usiku anatuamsha anadai tena. Nyumbani tulifurahi. Tulisema uzee umemjia na baraka. Tulichokuwa hatukioni ni kilichokuwa chini ya manyoya: nilipompitisha mkono mgongoni, pingili za uti wa mgongo zilihesabika moja moja, na moyo ulikuwa unamwenda mbio hata akiwa amelala. Paka anayekula sana huku anakonda ana tatizo, na kwa aliyevuka miaka 10 la kwanza kufikiriwa ni tezi ya shingoni, thairoidi, inapomwaga homoni kupita kiasi. Mwili unaunguza chakula kuliko kinavyoingia. Manyoya yanapoteza mng'ao, paka hatulii, wengine hutapika au kuharisha. Kipimo cha damu ndicho kinachoithibitisha, na dawa za kuituliza zipo. Siti alimeza zake asubuhi na jioni, na akarudisha mwili.

Kisukari nacho kinafanana na hilo, ila kinaandamana na kiu na mkojo mwingi. Kwa hiyo ukiona mlo umeongezeka, geukia bakuli la maji. Pima ulichomwagia asubuhi na kilichobaki asubuhi ya pili. Paka wa kilo 4 anayekunywa karibu mililita 400 kwa siku anahitaji kupimwa, na kama anakula chakula chenye majimaji mengi hata nusu ya hiyo ni nyingi, kwa sababu paka wa namna hiyo kwa kawaida hugusa maji kidogo sana. Figo zikichoka pia kiu hupanda, lakini pale hamu ya kula hushuka, na mara nyingine pumzi huwa na harufu kali isiyo yake. Minyoo haina haja ya maelezo marefu: paka mdogo mwenye tumbo kubwa na mgongo mwembamba apewe dawa.

Mizani imenisaidia kuliko kitu kingine chochote. Panda mizani umempakata paka, kisha panda peke yako, toa. Kama mizani yako haisomi gramu, mtie kwenye boksi umpime kwa mizani ya jikoni inayobeba uzito huo. Fanya hivyo kila mwezi na uandike. Gramu 400 kwa mtu si kitu. Kwa paka wa kilo 4 ni sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na jicho linaloishi naye kila siku haliwezi kuiona ikipungua.

Kuna namna nyingine ya kula inayodanganya watu wengi, nami naiona mara kwa mara kwa paka wa jamaa zangu. Paka anakuja mbio akisikia bakuli. Ana njaa, inaonekana. Ananusa, anachukua tonge la kwanza, mara anaruka nyuma kama aliyechomwa, pengine anafyonya kwa hasira kulifyonyea bakuli lenyewe. Au anainamisha kichwa upande mmoja, chembe za chakula kikavu zinamdondoka, au anazimeza nzima nzima kisha anazitapika vile vile zilivyoingia. Wenyewe husema, "Chakula hiki hakipendi, anaringa." Anakipenda. Anachokiogopa ni maumivu. Paka hupata ugonjwa wa meno kuliwa na mwili wenyewe kuanzia karibu na ufizi, na hupata uvimbe mkali wa fizi na koo. Wenye maumivu hayo wengi hawaachi kula kabisa, ndiyo maana wanakaa nayo miezi na miaka. Wakati mwingine jino huwa zima juu na limeliwa chini, linaonekana kwenye eksirei tu. Nimeona paka aliyeng'olewa karibu meno yote akaanza kula kwa furaha ndani ya siku chache, hana meno na hana shida.

Kichefuchefu nacho kina sura yake. Paka anasogea kwenye chakula, anakigeuzia uso, analamba midomo, anameza mate, na mwingine hukwangua sakafu kuzunguka bakuli kana kwamba anakifukia. Huo ni tumbo, ini, kongosho au figo kulalamika.

Sasa paka anayekataa chakula moja kwa moja. Hapa sitaki mtu asubiri. Mbwa anaweza kushinda na kulala bila kula akainuka salama. Paka si hivyo. Akikaa siku mbili tatu bila chakula, hasa akiwa mnene, mwili huanza kuyamimina mafuta yake kwenye ini kwa wingi usioweza kutumika, na ini linajaa na kushindwa kazi. Masikio kwa ndani, fizi na weupe wa macho hugeuka manjano. Yaani hata kama kilichomfanya aache kula kilikuwa kidogo, njaa yenyewe inazaa ugonjwa wa pili ulio mkubwa zaidi. Mimi nikiona saa 24 zimepita paka mzima hajagusa kitu, napiga simu. Kitoto cha paka hakipewi hata muda huo.

Ukiwa unajiandaa kumpeleka, yapo machache ya kujaribu. Pasha chakula kiwe na joto la mwili, si moto, ili harufu ipande. Paka mwenye mafua hasikii harufu, na asichokinusa hakili. Mfute pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mtazame mdomoni: ukiona uzi umezunguka chini ya ulimi, au unatokea nyuma, usiuvute hata kidogo, maana ncha ya pili inaweza kuwa imeshika utumbo nao ukachanika. Usimlazimishe tonge kwa nguvu, atakichukia chakula kile hata akipona. Na nakuomba sana, usimpe dawa za binadamu. Paracetamol, hata kidonge kimoja, inaua paka.

Si kila kituko ni ugonjwa. Paka kula majani ni kawaida yao. Joto likizidi hula kidogo. Wapo wanaonyonya blanketi na vitambaa vya sufu tangu utotoni, hasa waliotenganishwa na mama mapema. Tabia hiyo ni ya kuangaliwa wasimeze nyuzi, lakini haifanani na ya paka wa miaka mitano ambaye hajawahi kugusa udongo na leo anautafuna. Kinachonishtua mimi ni mabadiliko. Mlafi aliyepunguza, mchaguzi aliyegeuka mlafi, aliyekula mchana sasa anakula usiku tu, aliyekula wima sasa anakula amelala ubavu. Kila paka ana mlo wake, na wewe ndiye unayeujua. Daktari anamwona kwa robo saa, tena akiwa na hofu na hataki hata kunusa.

Kwa sababu hiyo mpige picha ya video kwa simu akiwa anakula nyumbani. Nusu dakika inatosha. Andika na tarehe uliyoanza kuona, uzito, maji anayokunywa, kama anatapika na anatapika nini. Siku ya Siti daktari aliitazama video mara mbili kabla ya kumgusa.

Majivu bado yupo. Siku chache baada ya kuanza dawa alikuwa bado analamba ukuta, nami nilikaa naye sakafuni pale nyuma ya mlango nikiwa na bakuli mkononi, nikimgeuza uso polepole kila alipoanza. Wiki ya pili nikamkuta juu ya kabati. Nilimshusha, nikainua ule mdomo kwa kidole gumba. Waridi ilikuwa imeanza kurudi, hafifu, pembezoni mwa meno ya mbele.