Gitaa la Zamani au Toleo la Marudio? Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, napiga gitaa la solo katika bendi na nimeweka akiba ili ninunue chombo kitakachonifaa kwa miaka mingi. Kuna Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, ya mwaka 1974 inayouzwa na mtu binafsi, na kwa fedha zilezile naweza kupata toleo jipya la marudio, la daraja la juu, linalofuata mfano wa mwaka 1962. Wenzangu wananiambia kwamba mbao kuukuu ndiyo yenye sauti tamu na kwamba nitajuta nikinunua jipya. Je, wanasema kweli?
Mpiga solo

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wanachanganya umri wa gitaa na kipindi kilicholitoa. Magitaa ya Fender yanayosakwa kwa udi na uvumba ni yale yaliyotengenezwa kabla kampuni hiyo haijauzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwaka 1965. Hilo la 1974 ni la zama nyingine kabisa: kichwa chake ni kipana zaidi, shingo imefungwa kwa skrubu tatu badala ya nne, utaratibu ulioanza mwaka 1971, na mwili umefunikwa kwa tabaka nene la vanishi ya poliesta mahali pa vanishi nyembamba ya awali, ya nitroselulosi. Halifai kudharauliwa, lakini ikumbukwe kwamba wapigaji wengi wa miaka hiyohiyo ya 1970 ndio walioyapa kisogo magitaa mapya ya wakati wao na kuanza kutafuta yaliyotangulia, hadi Fender yenyewe ikalazimika kutoa, mwaka 1982, marudio ya mifano ya 1952, 1957 na 1962. Toleo unalolifikiria lina asili yake katika malalamiko juu ya magitaa kama hilo unalouziwa.

Kuhusu mbao, ni kweli kwamba hukauka na kuwa nyepesi kadiri miaka inavyopita. Hata hivyo, kinachoingia kwenye amplifaya ni mtikisiko wa nyuzi ulionaswa na pikapu, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya, na hapo ndipo tofauti kubwa hupatikana. Pikapu maarufu za kampuni nyingine, Gibson, zilizobuniwa na Seth Lover na kuanza kufungwa kwenye gitaa lake la Les Paul mwaka 1957, hazikuzungushwa kwa idadi moja ya mizunguko, kwa kuwa mashine hazikuwa na kihesabu kilichozisimamisha kwa usahihi. Ukizipima leo ukinzani wa umeme wa waya wake, nyingine husoma karibu kilo-omu 7 na nyingine karibu 9, na milio yake hutofautiana vivyo hivyo. Kwa hiyo anayesema anataka "sauti ya 1959" ya Les Paul anataka sauti ya gitaa moja alilobahatika kulisikia. Toleo la marudio kwa kawaida hunakili kielelezo kilichochaguliwa kwa sababu kilikuwa kizuri. Katika ya kale utakutana na mazuri na mabovu, na yote yana bei ya ukale.

Lakini marudio ya uaminifu hurithi pia kasoro za baba yake, na hili wauzaji hawalisemi sana. Zitazame kwa karibu pikapu za mfano wa 1962: sumaku zake sita hazina kimo kimoja, na ile ya uzi wa tatu, G, imechomoza juu. Zilipangwa hivyo miaka ya 1950, wakati uzi wa tatu ulikuwa umeviringishiwa waya na mlio wake ulikuwa hafifu. Siku hizi seti nyingi nyepesi zina uzi wa tatu mtupu, usioviringishiwa waya, ambao juu ya sumaku ileile hupiga kelele kuliko wenzake. Dawa ni kuishusha pikapu kidogo na kuzoea mkono. Usithubutu kuididimiza sumaku yenyewe, kwa sababu waya, ambao ni mwembamba kama unywele, umezungushwa moja kwa moja juu yake na hukatika.

Kagua pia mviringo wa ubao wa vidole, ambao hupimwa kwa nusu-kipenyo cha duara lake: namba ikiwa ndogo, ubao umejipinda zaidi. Wa zamani ni wa inchi 7.25, yaani milimita 184 hivi; unashikika vizuri kwa kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, lakini ukiuvuta uzi wa kwanza juu kabisa shingoni ilhali nyuzi zimeshushwa sana, mlio hukatika. Magitaa mengi ya kisasa hutumia inchi 9.5, na hata baadhi ya marudio yamebadilishwa kimyakimya, kwa hiyo uliza. Kwa upande wa urekebishaji wa shingo, la 1974 linashinda: chuma chake cha ndani hukazwa kutokea kichwani, ilhali mfano wa 1962 hukulazimu kuilegeza shingo yote.

Kwa mtu wa jukwaani, ningechukua toleo la marudio. Unaweza kulibadilisha freti, yaani vile vyuma vya ubao wa vidole, na vidhibiti bila kujiuliza kila mara umepoteza thamani kiasi gani.

SWALI: Marehemu mjomba aliniachia Telecaster, gitaa jingine la Fender, ya zamani iliyochubuka. Nataka kuipaka rangi upya na kuiwekea pikapu mpya. Nitajuaje ni ya mwaka gani?
Mrithi

JIBU: Rangi usiiguse. Kupaka upya gitaa la kale kwa kawaida hupunguza takriban nusu ya thamani yake, hata kazi iwe safi namna gani. Kuhusu mwaka, fungua bamba la vidhibiti vya sauti na toni usome namba zilizogongwa kwenye vidhibiti vyenyewe. Tarakimu tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji wa kidhibiti: 304 ni kampuni ya Stackpole na 137 ni CTS. Katika namba za miaka ya 1960, tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka na mbili za mwisho ni wiki, kwa hiyo 304 6620 ni wiki ya 20 ya mwaka 1966. Namba hiyo hukuonyesha tu kwamba gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo: Fender ilinunua shehena kubwa ya vidhibiti mwaka 1966 na ikaendelea kuvitumia kwa miaka kadhaa. Linganisha na tarehe iliyoandikwa au kugongwa kwenye kisigino cha shingo, yaani sehemu inayofungwa mwilini.

Ikiwa ubao wa vidole ni rosewood ya Brazili, ambayo ni jamaa ya mpingo, fahamu kwamba tangu mwaka 1992 imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na kuivusha mpaka kwa biashara kunahitaji vibali. Pikapu waweza kubadilisha, mradi fundi asikate mbao, na za awali zifungwe pamoja na skrubu zake na kuhifadhiwa ndani ya mkoba wa gitaa lenyewe.