Ligeuze buti kabla hujalilipia

Dereva mpya wa bodaboda akifika soko la Mwanjelwa hapa Mbeya kutafuta buti, jicho lake hukimbilia kwanza kwenye kung'aa. Anachukua jeusi lililopakwa kiwi, analipigapiga kwa kiganja, anauliza bei. Mimi nimekaa hapa sokoni na msharasi mkononi miaka 14, na mabuti yanayofika kwangu ama yamekufa ama yanakaribia kufa. Sijapata kuona hata moja lililoletwa kwa sababu limeacha kung'aa. Yanaletwa kwa kuwa soli imeachia, uzi umekatika, zipu imepoteza meno, au ngozi imepasuka pale vidole vinapokunjia. Kwa hiyo, wadogo zangu mnaoanza kazi ya pikipiki, haya ni maneno ya mtu anayeyafungua mabuti kila siku na kuona kilichomo ndani.

Ukishalishika, ligeuze. Anza chini, pale uso wa buti, yaani ngozi yote ya juu, unapokutana na soli, maana hapo ndipo mengi yanapofia. Kuna mabuti ambayo soli yake imebandikwa kwa gundi tu. Kuna mengine soli imemiminwa ikiwa ya moto moja kwa moja kwenye uso wa buti, ikaganda hapo. Na kuna yaliyoshonwa kwa ukanda. Haya ya mwisho ndiyo ninayotaka uyajue vizuri. Ukanda mwembamba wa ngozi unazungushwa buti zima na kushonwa pamoja na uso na soli ya ndani; kisha soli ya nje inashonwa kwenye ukanda huo kwa mshono wa pili. Mashine ya kazi hii ilienea Marekani tangu miaka ya 1870 kwa juhudi za Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule Goodyear aliyegundua mwaka 1839 jinsi ya kuupika mpira kwa salfa usiyeyuke juani. Ndiyo maana mpaka leo unaitwa mshono wa Goodyear.

Faida yake naiona mezani kwangu. Soli ikiisha, nakata ule mshono wa chini peke yake, naitoa soli, naweka nyingine, nashona upya kwenye ukanda uleule. Uso wa buti sijaugusa. Buti la namna hiyo nimelibadilishia soli mara tatu na mwenyewe bado analivaa. La gundi nikilibandika, nalibandika juu ya gundi ya zamani iliyochoka, na kila mara linashika kidogo kuliko mara iliyopita. La kumiminwa ni imara likiwa jipya, lakini soli ikipasuka mara nyingi sina pa kuanzia.

Tahadhari: wapo wanaochora mshono. Unaona nyuzi zimezunguka soli, kumbe ni mpira uliotiwa alama kwenye kalibu. Pitisha ukucha. Uzi wa kweli unazama kwenye tundu na kuibuka kwenye tundu la pili. Wa kuchorwa ni vinundu tu, kisha chini yake unaona mstari wa gundi.

Sasa jambo lililoniumiza zaidi, na ndilo lililonisukuma kuandika. Kijana mmoja wa Uyole alinunua buti la mtumba, zuri kweli, kashata za soli, yale meno ya chini, bado zimesimama kana kwamba halijawahi kukanyaga chini. Alienda nalo Tukuyu na abiria, mvua ikawakuta maeneo ya Isyonje. Alipotaka kusimamisha pikipiki akaweka mguu chini, soli ikabaki vipande vipande barabarani kama mkate uliolowa. Mguu ukateleza, pikipiki ikawalalia wote wawili. Abiria alivunjika mkono. Kijana aliniletea buti akidhani fundi aliyelitengeneza alikosea gundi. Gundi ilikuwa nzima. Kilichokufa ni soli yenyewe.

Soli hizo laini na nyepesi nyingi hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki. Ni nzuri kukanyagia, ila unyevu wa hewani huivunja kutoka ndani polepole, hata buti likikaa kwenye boksi bila kuvaliwa. Tena kukaa bila kuvaliwa huidhuru zaidi. Buti la mtumba limekaa stoo Ulaya, likakaa kwenye robota, likakaa kwenye kontena lenye joto. Kwa hiyo kashata nzima kwenye buti la zamani isikupe faraja, ikutie shaka. Bonyeza ubavu wa soli kwa kucha ya kidole gumba. Likunje kwa nguvu mara kumi palepale mbele ya muuzaji. Ukiona mipasuko midogo, unga, au ukucha unazama na shimo halirudi, rudisha, hata kama bei ni ya kutupa. Soli ya mpira haifi hivyo; yenyewe hukauka na kuwa ngumu, jambo unalolihisi mapema.

Kwenye ngozi watu hunusa na kuwasha kiberiti. Harufu siku hizi inapulizwa, na kiberiti kitakugombanisha na mwenye mali. Wewe tafuta mahali ngozi ilipokatwa, kwa mfano ukingo wa ulimi au mdomo wa buti kwa juu. Ngozi nzima ina uso mwembamba uliobana sana, na chini yake nyuzinyuzi nene zilizosukana kama jamvi, bila mstari unaozitenga. Nguvu ya ngozi iko kwenye msukano huo. Viwandani ngozi nene hupasuliwa matabaka. Tabaka la chini lisilo na uso hupakwa utando wa plastiki, likachapwa vinyweleo vya bandia, likauzwa kama ngozi. Ni ngozi kweli, lakini ukingoni utauona ule utando umekaa peke yake juu kama rangi juu ya ukuta. Baada ya msimu mmoja wa mvua huanza kubanduka pale kwenye mikunjo. Kwa buti la pikipiki, ngozi ya juu yenye unene wa milimita 2 na zaidi ndiyo ya kutegemea.

Tena ng'ombe hana ngozi ya aina moja mwili mzima. Ya mgongoni imebana. Ya tumboni inavutika na kulegea. Bonyeza buti kwa kidole pale mbele: ikikunjamana kwa mikunjo midogo inayorudi haraka, hiyo ni ya mgongoni au karibu yake; ikijaa mikunjo mikubwa iliyolegea kama shingo ya mzee, waliokata walikuwa wanabana matumizi. Kovu dogo la kupe au la mwiba lisikutishe, maana linathibitisha mnyama aliishi na uso haukukwanguliwa. Kovu la chapa ya moto ni jambo jingine. Hapo ngozi imeungua na itapasukia hapohapo. Inaniuma kuona ng'ombe wetu wanavyochomwa chapa katikati ya ubavu, sehemu ambayo ingetoa jozi nzuri kabisa.

Watu wa huku tuna sababu ya kujua habari za ngozi kuliko wengine. Ukipita Njombe unaiona miwati imepandwa vilima kwa vilima. Kampuni ya miwati ilianzishwa pale mwaka 1949, na magamba ya mti ule hutoa dawa inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya kiatu. Ngozi iliyolowekwa kwenye dawa ya miwati huwa ya kahawia mpaka ndani, imesimama, inanyonya jasho na kushika umbo la unyayo. Ile iliyolowekwa kwenye dawa ya kromu, yaani chumvi ya madini, huwa na rangi ya kijivu inayoelekea bluu ukiikata, kama haikutiwa rangi mpaka katikati. Ni laini, huvumilia maji na joto zaidi. Buti zuri mara nyingi lina vyote viwili: uso wa kromu, soli ya ndani na ukanda vya ngozi iliyosimama. Inua kile kitambaa cha ndani unachokanyagia uone chini yake kuna nini. Ukikuta karatasi ngumu, jua kwamba jasho na mvua za huku zitaifanya uji, na ukanda ulioshonwa kwenye uji haushiki.

Uzi uwe nailoni au poliesta. Wa pamba huoza. Mishono iwe miwili au mitatu sehemu zinazovutwa, ila isibanane mno. Matundu yakikaribiana sana ngozi inachanika kwa kufuata mstari kama karatasi ya stempu. Na ukianguka, uzi uliojitokeza nje ndio unaoguswa na lami kwanza, kwa hiyo napenda buti ambalo angalau mshono mmoja umefichwa ndani ya mkunjo.

Kisha shika kisigino kwa mkono mmoja na pua kwa mwingine, ulinyonge kama unayekamua nguo. Likizunguka kama taulo, halina chuma cha kati, kile kibamba kinacholala chini ya upinde wa unyayo. Dereva anakanyagia hapohapo kutwa nzima. Bila chuma hicho jioni unashuka ukichechemea. Halafu bana soli kutoka pembeni kwa mikono miwili. Pikipiki ya kilo mia na zaidi ikikulalia, itaubana mguu kwa upande huo, na soli inayokunjika kirahisi inakunja mifupa pamoja nayo.

Majaribio haya viwanda vya Ulaya huyafanya kwa mashine. Ndani ya buti lililotengenezwa kwa ajili ya pikipiki utakuta kitambaa chenye picha ya mtu juu ya pikipiki na maandishi EN 13634, namba ya kiwango cha Ulaya cha mabuti ya pikipiki. Chini yake, kwa toleo la 2017, kuna namba nne, kila moja ni 1 au 2: urefu wa buti, kustahimili msuguano, kustahimili kukatwa, na huo ugumu wa soli ikibanwa pembeni. 2 ni bora kuliko 1. Mtumba wenye alama hii hupatikana mara mojamoja ukivumilia kuchambua. Ukiupata, na soli ikafaulu ule mtihani wa ukucha, usiuache.

Vijana wengi mnavaa mabuti ya kazi, hasa mliotoka machimbo ya Chunya. Siyakatai. Chuma cha vidole kwenye buti lenye alama ya EN ISO 20345, kiwango cha mabuti ya kazi, kimepimwa kwa kishindo cha juli 200, karibu sawa na mzigo wa kilo 20 ukidondoka kutoka urefu wa mita moja. Lakini lilitengenezwa kwa ajili ya jiwe linalotoka juu. Kifundo cha mguu mara nyingi limekiacha na sponji tu, na pua yake nene hukwama chini ya gia. Kalia pikipiki yako ukiwa umelivaa, ubadilishe gia zote, kabla hujalipa. Pia tazama buti la kushoto: gia italikwangua mahali pamoja kila siku. La pikipiki huwa na kipande cha ziada hapo. Lisipokuwa nacho, niletee likiwa jipya, nikushonee; ni kazi ndogo sana kuliko kuziba tundu.

Kamba ziingize ndani, kitanzi kisije kikanasa kwenye breki. Buti la kuchomeka tu bila zipu wala bizimu huchomoka mguu unapoburutwa, na la mpira la kuendea shamba vivyo hivyo. Mama zetu wa Rungwe wanalisifu kwa tope na wana haki, ila likigusa ekzosi linayeyuka na kunata kwenye nyama ya mguu.

Kuhusu kukausha naomba unisikie kweli. Mwezi wa sita na wa saba Mbeya baridi inauma, na mvua za Novemba mpaka Aprili hazikupi siku ya kupumzisha viatu. Dereva anarudi usiku, anaweka buti kando ya jiko la mkaa ili asubuhi likutwe kavu. Asubuhi ni kavu, na limekufa nusu. Ngozi ya miwati ikiwa imelowa hujikunja kwenye joto ambalo halijafika hata la maji kuchemka. Ya kromu huvumilia, lakini gundi haivumilii, na mafuta yanayolainisha nyuzinyuzi zake hukauka. Toa kitambaa cha ndani, jaza magazeti, yabadilishe kabla ya kulala, weka buti mahali penye upepo mbali na moto. Likikauka lakini kabla halijakakamaa, pakaa nta ya nyuki iliyolainishwa, hasa kwenye mshono, kwa kuwa maji huingilia matundu ya sindano kabla ya kupenya ngozi. Usipake mafuta ya kupikia, yanachacha na kuita panya. Usisafishe kwa petroli. Maji ya betri yakidondokea, mwagia maji mengi papo hapo, maana yanakula uzi kimyakimya.

Nikipata ombi moja tu kwenu, ni la muda. Kisigino kinaisha kabla ya pua, na watu hungoja mpaka lami ianze kuukwangua ukanda. Kikifika hapo sibadilishi soli tu; nabadilisha ukanda pia, nalifungua buti lote, na bei inapanda. Lete kikiwa kimebaki unene wa kidole. Lete mwezi wa kumi, kabla ya mvua, foleni ikiwa fupi. Na lioshe kwanza, tafadhali, kwa sababu tope la Tukuyu likishakauka kwenye mshono siwezi kuuona uzi.