Hesabu ya nyanya inaonyesha faida, mbona mwalimu amekataa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uchumi kilimo, mwaka wa pili, na kwetu ni Ilula, Iringa. Nilifanya zoezi la nyanya ekari moja: matenga 250 kwa 30,000, bei ya soko la Ilala, mapato 7,500,000. Mbegu, mbolea, dawa na vibarua 2,800,000. Faida 4,700,000. Mwalimu wa chuo kaandika kwa wino mwekundu: "Hii siyo faida." Baba ameiona hesabu, anataka kuuza kiwanja tulime ekari tano. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kwanza mwambie mzee kiwanja kisiuzwe.

Mwalimu wako yuko sahihi. Ulichokitafuta ni faida ghafi, yaani mapato ukitoa gharama zinazobadilika, zile ambazo usingelima zisingekuwepo. Na hiyo nayo umeikosa, kwa sababu bei umeichukua Ilala, Dar es Salaam, na gharama zako zimeishia shambani Ilula. Nyanya zilifikaje sokoni? Matenga yenyewe, nauli, ushuru na dalali, tuseme 4,000 kwa tenga, ni milioni nzima. Imebaki 3,700,000.

Sasa ndiyo tuanze kutafuta faida. Baba na wadogo zako wamemwagilia na kupalilia, tuseme siku 90 za kazi; kwa kibarua cha 7,000 ni 630,000. Najua utaniambia hamkulipana. Hapo ndipo ninapochoka! Nimesahihisha hesabu za namna hii miaka mingi, na karibu kila moja inamfanya mkulima mtu wa bure, wakati siku hizohizo angekwenda kwa jirani angelipwa. Shamba nalo mngelikodisha, tuseme 200,000. Pampu ya 900,000 inayodumu misimu sita inachakaa kwa 150,000 kila msimu. Gharama zote zinakuwa 4,780,000, na faida 2,720,000.

Usiishie hapo. Gawanya hizo 4,780,000 kwa matenga 250, unapata 19,120. Tenga likiuzwa chini ya bei hiyo mnakula mtaji. Hiyo 30,000 uliipata mwezi gani? Kama ni wakati wa mvua, nyanya zilipoadimika, ijaribu hesabu kwa 12,000: hasara ni 1,780,000 kwa ekari. Kantangaze, wale wadudu wa nyanya, wakila matenga 50, bei ya kurudisha gharama inapanda hadi 22,900, hata baada ya kuondoa zile 4,000 za kila tenga lililoliwa.

Kuzidisha kwa tano ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Ekari moja mnaimudu kwa mikono ya nyumbani na macho ya baba. Tano zinataka vibarua wa kudumu, maji mara tano, na mtu wa kuona ugonjwa siku ya kwanza, siyo ya nne. Tena bei nzuri ya mwaka huu hamkuiona peke yenu. Msimu ujao bonde zima litapanda nyanya, bei itaanguka, wengi wataacha, nayo itapanda tena. Mchumi Nicholas Kaldor aliuita mzunguko huu utando wa buibui mwaka 1934, na utausoma kwenye kozi ya bei. Mkulima wa Ilula anaujua bila kozi.

Kinachonikera ni kwamba hesabu kama yako, ikitoka mikononi mwa mwanafunzi, inageuzwa bidhaa. Kila wiki natumiwa picha ya WhatsApp: "Ekari moja ya papai, milioni kadhaa", bila mwezi, bila soko, bila jasho la mtu. Kenya waliyaona kwa kware, kuelekea mwaka 2014. Mayai yaliuzwa bei ya ajabu kwa sababu wanunuzi wengi walikuwa wafugaji wapya waliotaka kuanza. Walipoisha hao, bei ikaanguka na watu wakabaki na mabanda. Ndivyo zilivyo nyingi za semina za kilimo zinazotangazwa kwa picha hizo. Faida inayoonyeshwa ni ya anayeuza mbegu, siyo ya anayelima.

Mtu akikuletea mchanganuo wa namna hiyo, mwombe daftari la misimu mitatu mfululizo, lenye tarehe za kuuza na bei za siku hizo, pamoja na msimu alioharibikiwa. Mimi nimeomba mara nyingi. Huwa wananipa namba ya kulipia ada ya semina.